Kompyuta ya Mashine Ikiomba Kuapdeti

Kwanza kabisa, toa mkono kwenye kipanya. Kile kisanduku kinachojitokeza pembeni mwa kioo kukuambia kwamba masasisho yako tayari kina adabu ya mshenga, na nyuma ya mshenga huwa kuna mahari. Kabla hujakubali lolote, tazama mashine ya maabara iliyo kando. Ina sampuli ya mtu ndani? Basi mazungumzo yaishie hapo.

Nasema hivi kwa uchungu. Nilikuwa zamu katika maabara moja huku Likuyani siku ambayo kukhu mmoja, bibi mzee, alifika kwa bodaboda kutoka upande wa Sango, kikopo cha makohozi amekifunga ndani ya leso. Tuliyatia makohozi dawa, tukayamimina kwenye katriji, tukaiingiza kwenye GeneXpert. Hii ndiyo mashine ambayo Shirika la Afya Duniani liliidhinisha Desemba 2010. Kwa muda usiofika saa 2 inakuambia kama kuna kifua kikuu, na kama vijidudu vyake vimeshaizoea rifampisini. Dakika ya arobaini na kitu, kioo kikageuka buluu: usizime kompyuta. Asilimia 27. Asilimia 27. Taa ya mashine ilikuwa bado inawaka kijani, ila hapakuwa na wa kupokea habari zake. Na katriji haitumiki mara mbili. Nikatoka hadi kwenye benchi kumwambia kukhu arudi kesho na makohozi mengine. Akaniuliza, "Daktari, kwani nilikohoa vibaya?"

Tangu hapo kila mwanafunzi anayeletwa kwangu namwambia kwamba kompyuta ya mashine si ya ofisi. Ni kiungo cha mashine, kama sindano au taa yake. Mtengenezaji alivijaribu vyote pamoja: mashine, programu yake na mfumo endeshi. Ukibadilisha kimoja, huna tena mashine ile aliyoithibitisha. Sasisho laweza kubadilisha draiva ya waya unaounganisha mashine na kompyuta, zikaacha kutambuana. Laweza kuvuruga mpangilio wa tarehe, sampuli ya tarehe 4 Machi ikasomeka 3 Aprili. Laweza kuirudishia kompyuta tabia ya kusinzia kila nusu saa, katikati ya kipimo.

Lakini usinielewe vibaya ukadhani dawa ni kutoapdeti kamwe. Wapo wenzangu wanaojivunia Windows 7 ambayo haijaguswa tangu itoke kwenye boksi, na Microsoft iliacha kuihudumia tarehe 14 Januari 2020. Mei 2017 Uingereza ilionja matokeo ya ukaidi huo. Kirusi cha WannaCry kilipenya kwenye tundu ambalo kiraka chake kilikuwa kimetolewa tarehe 14 Machi, karibu miezi 2 kabla. Taasisi za hospitali zisizopungua 80 kati ya 236 za England zikaathirika, na miadi ya wagonjwa ikafutwa kwa maelfu. Kiraka kilikuwepo, hakikubandikwa. Halafu, kwa upande wa pili, ikaja tarehe 19 Julai 2024, sasisho moja bovu la CrowdStrike, kampuni ya usalama wa kompyuta, likaangusha kompyuta za Windows zipatazo milioni 8.5, na zilizoumia ni zile zilizokuwa hewani kulipokea.

Huku kwetu, isitoshe, kirusi hakihitaji intaneti. Kinapanda bodaboda. Flashi iliyotoka asubuhi kuchapisha picha za harusi kwenye saiba ya Matunda ndiyo hiyo hiyo inayochomekwa mchana kwenye mashine ya damu.

Kwa hiyo fanya hivi. Kompyuta isiyohitaji intaneti, ichomoe. Inayotuma majibu, iruhusiwe kufika kule yanakopokelewa tu. Tenga flashi moja yenye alama nyekundu, isiyovuka mlango wa maabara. Windows 10 hukuruhusu kutaja saa za kazi, hadi 18 kwa siku, isijiwashe upya, na kusimamisha masasisho hadi siku 35. Tumia yote mawili, lakini ujue umenunua muda tu. Siku ya 36 mshenga amerudi.

Muda huo mwandikie wakala wa mashine. Mwandikie, usimpigie, kwa sababu simu haina sahihi. Swali ni moja: sasisho hili mmelijaribu na programu yenu? Jibu likija, lichapishe ulihifadhi. Jibu lisipokuja, usibonyeze, na uandike tena.

Akikubali, chagua siku. Isiwe Ijumaa jioni, fundi wa Eldoret akiwa ameshafunga. Isiwe siku mawingu yametanda, maana stima yetu unaijua, na sasisho lililokatikia njiani ni balaa kubwa kuliko lile lililokataliwa. Nakili diski nzima kwanza, na nakala ilale kabati jingine. Hakikisha betri ya UPS ni nzima, si sanduku la kupendezesha meza.

Likimalizika, pima sampuli unazojua majibu yake: moja yenye ugonjwa, moja isiyo nao. Angalia na saa, na tarehe. Kitu kikienda kombo, rudisha nakala. Usiingize makohozi ya mgonjwa hata mmoja kabla ya hapo, hata kama benchi limejaa na mkuu wa zamu amesimama mlangoni.

Halafu ujaze daftari: tarehe, saa, toleo la zamani, toleo jipya, jina lako, sahihi. Langu lina jalada la buluu, na mstari wake wa kwanza hauna toleo lolote. Una tarehe, saa 4 na dakika 40 asubuhi, na maneno haya: katriji 1, kukhu wa Sango, hakurudi kesho yake, alirudi Alhamisi.