Barua ya Wazi kwa Kamishna wa Bima Kuhusu Nyumba Zinazobaki Peke Yake

Kwa Kamishna wa Bima,
Mamlaka ya Kusimamia Bima,
Nairobi.

Wenye nyumba wa mtaa wa Fedha, Embakasi, wanaipongeza Mamlaka, ambayo tangu mwaka 2007 imekabidhiwa ulinzi wa wakata bima chini ya Sheria ya Bima, Sura ya 487, kwa utulivu wake mbele ya kifungu cha nyumba isiyokaliwa. Kifungu hicho, kilichomo katika mikataba mingi ya bima ya nyumba, husema kwamba nyumba ikikosa mtu kwa siku kadhaa mfululizo, mara nyingi 30, kinga dhidi ya wizi, yaani ahadi ya kampuni kulipa hasara, husimama hadi wenyewe warudi. Hivyo mwizi mwenye busara ya kusubiri hana wa kumgharimu ila mwenye nyumba.

Isidhaniwe kwamba kifungu hakina mantiki. Aliyefungua mfereji siku ya mgao, akaukuta mkavu, kisha akasafiri mashambani bila kuufunga, anajua kwamba maji ya Nairobi hurudi usiku bila kubisha hodi, na kwamba sebule iliyofurika kwa wiki sita haiponi kwa kupigwa deki. Hatari huongezeka kweli. Kinachostaajabisha ni kwamba hatari ikiongezeka kinga huondoka, ilhali ada ya bima, ambayo hulipwa kwa mwaka mzima, hubaki, pamoja na tozo ya mafunzo ya asilimia 0.2, mchango wa asilimia 0.25 wa hazina ya kufidia wakata bima, na ushuru wa stempu wa shilingi 40, ambao haujapata kulalamika kwamba nyumba haina mtu.

Mtaa huu hauko mbali na uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta, na wakazi wake wanautumia: nyanya aliyeitwa Dallas kulea mjukuu mchanga hawezi kurudi siku ya 29 ili kuiridhisha kampuni. Kwa hiyo Mamlaka inaombwa kutamka kama mpwa anayelala humo usiku mmoja kwa mwezi anatosha, kama taa inayojiwasha saa moja jioni inahesabiwa nusu mtu, na kama mlinzi wa lango, aitwaye soja, ni mkazi wa nyumba zote anazozilinda au wa kibanda chake tu.

Ikiwa maswali haya ni mazito, kampuni ziamriwe ama kuuza kinga ya nyumba tupu kwa ada ya nyongeza iliyoandikwa wazi, ama kurudisha ada ya siku ambazo hazikukinga chochote. Majibu yaachwe langoni kwa soja, ambaye hasafiri Desemba.

Wenye nyumba wa Fedha,
waliopo na wasiokuwepo.