Panya Hana Timu

Kaskazini mwa Minnesota kuna maswali mawili usiyoyauliza msibani: marehemu ameacha nini, na pikipiki yake ya theluji ilikuwa ya kampuni gani. La kwanza litagombanisha watoto wake. La pili litagombanisha mji mzima, mchungaji akiwemo.

Mimi mtu wa Tanga, kazi ndiyo iliyonileta huku. Kabla sijafika nilidhani chombo hiki ni mchezo wa matajiri. Kumbe ndicho wanachoendea ziwani kuvua samaki kwenye barafu, ndicho cha kumfikia mgonjwa barabara ikifungwa, na ndicho kinachowatoa wazee nyumbani mwezi Januari, la sivyo wangeshinda sebuleni wakikosoa mapishi ya wake zao. Mbele kina skii mbili mahali pa tairi, nyuma kina mpira mpana wenye meno unaozunguka na kuisukuma theluji, na juu kuna usukani wa pikipiki na kiti kirefu. Shemeji yangu wa Dar nilimwonyesha kwa simu ya video. Akakitazama kwa muda, kisha akauliza swali la mtu mzima: "Sasa shemeji, hiki kitu wakati wa joto kinafanya nini?"

Kinakaa. Mke wangu amelisema vizuri zaidi: kinaendeshwa miezi mitatu, kinatengenezwa miezi tisa.

Ukitaka kujua pikipiki ipi haiharibiki, huku watakujibu kabla hujamaliza kuuliza. Kwa miaka mingi kampuni zilikuwa nne: Polaris, Arctic Cat, Ski-Doo na Yamaha. Watu wamegawanyika kama Simba na Yanga, tofauti ni kwamba hapa timu ni nne na kila shabiki ana bisibisi mfukoni. Mwenye Ski-Doo utamjua kwa koti la njano, mwenye Arctic Cat kwa kijani kinachowaka, na Yamaha ni buluu. Mtoto hurithi timu ya baba. Nimeona bwana harusi akitambulishwa kwa jamaa wa mke, na kabla ya jina lake, likatajwa koti lake.

Kinachonichekesha ni historia yao. Polaris ilianzia Roseau, mji mdogo karibu na mpaka wa Kanada, katikati ya miaka ya 1950. Waanzilishi walikuwa Edgar Hetteen, ndugu yake Allan, na David Johnson. Mwaka 1960 Edgar aliongoza msafara wa pikipiki hizo kuvuka Alaska, maili zipatazo 1,200, ili watu waamini kwamba kitu chenyewe kinakwenda. Nyumbani, waliotoa mtaji hawakufurahishwa na mkurugenzi anayezurura barafuni. Wakatofautiana, Edgar akaondoka, akahamia Thief River Falls, mwendo wa saa moja na kidogo kwa gari, akaanzisha kampuni iliyokuja kuwa Arctic Cat. Maana yake hawa wanaonuniana kanisani kwa ajili ya Polaris na Arctic Cat ni watoto wa baba mmoja. Nilimweleza hivyo jirani yangu, mzee mstaafu, nikitaraji atacheka. Akanijibu, "Ndiyo maana hatuelewani."

Injini nazo ni kichekesho kingine. Mzee atajipiga kifua kwamba chombo chake ni cha Kimarekani, jasho la Minnesota. Fungua boneti uone. Polaris kwa miaka mingi ilifunga injini za Fuji Heavy Industries, ndio haohao wa Subaru. Arctic Cat ilitumia za Suzuki. Ski-Doo, iliyoanzishwa na Bombardier mwaka 1959 kule Valcourt, Quebec, injini zake za Rotax zinatoka Austria. Kwa hiyo ugomvi wa majirani wawili wa Minnesota ulikuwa kwa kweli ugomvi wa Wajapani wawili ambao hawajui kama wanagombana. Miaka ya karibuni mambo yalizidi: Yamaha ikampa Arctic Cat injini, Arctic Cat akaiundia Yamaha pikipiki palepale Thief River Falls. Sidewinder ya Yamaha na Thundercat ya Arctic Cat zilibeba injini moja ya turbo na kutoka kiwanda kimoja. Nimewaona wanaume wawili, mmoja buluu na mmoja kijani, wakitukaniana mashine ileile.

Basi tuache makoti, tuulize fundi. Fundi hakuulizi kampuni, anakuuliza injini ni ya mipigo miwili au minne. Hapo mimi nilijikuta nyumbani. Ya mipigo miwili naijua tangu Deep Sea, pwani ya Tanga, ambako mjomba wangu alikuwa na mashine ya boti. Asubuhi anachanganya oili na petroli kwenye dumu, kipimo ni jicho lake, anavuta kamba, mashine inakohoa moshi wa buluu, na boti nzima inanuka hadi jioni. Mara ya kwanza niliposimama kwenye ziwa la huku lililoganda, na mtu akavuta kamba yake, harufu ilikuwa ileile. Nilikaribia kuuliza bei ya changu.

Injini hiyo haina vali kama za gari, ni nyepesi, ina nguvu kupita umbo lake. Lakini oili yake inaungua pamoja na petroli, ringi na pistoni zinalika, na siku oili isipofika panapotakiwa, inanoki papo hapo bila kuaga. Siku hizi pampu ndiyo inayopima oili, na Ski-Doo tangu matoleo ya 2009 wana mfumo wa kunyunyiza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, moshi umepungua sana. Ya mipigo minne, ambayo Yamaha waliivalia njuga tangu RX-1 ya 2003, oili yake haichanganywi na petroli, inazunguka peke yake kama ya gari, nayo inakula maili nyingi bila kufunguliwa. Ubaya wake ni uzito. Ikizama kwenye theluji laini, kuitoa ni shughuli ya ukoo.

Lakini kinachokufa mara nyingi zaidi si injini. Nguvu hupita kwenye puli mbili na mkanda mmoja wa mpira, na mkanda huo huungua, huchanika, au hukatika kwa kishindo ukiwa mbali na kila mtu. Ndiyo maana kila mwenye akili hubeba wa akiba chini ya boneti. Sasa msikilize shabiki akitoa hesabu zake. "Yangu haijawahi kuharibika." Na mkanda wa mwezi uliopita? "Mkanda hauhesabiwi." Plagi? Plagi hazihesabiwi. Betri? Ile ilikuwa baridi. Ukishatoa visivyohesabiwa, ni kweli, haijawahi kuharibika, na hata aliporudi nyumbani akivutwa kwa kamba ilikuwa ni matembezi.

Jirani yangu ndiye aliyenipa somo kamili. Kampuni yake siitaji, nikiitaja itabidi nihame. Alinipakia nyuma siku moja ya Desemba, baridi digrii 29 chini ya sifuri, tukaingia njia ya msituni. Tukiwa katikati ya misonobari, mashine ikaanza kupungukiwa pumzi. Ukiongeza moto inalalamika, ukiachia inazima. Akafungua boneti. Huku mtu akifungua boneti njiani ni sawa na kupiga kengele: hazikupita dakika nyingi wakasimama watatu, kila mmoja na koti lake, na kila mmoja alikuwa na ugonjwa tayari mdomoni. Wa kwanza akasema ni pampu ya petroli, kampuni hiyo ndiyo ilivyo. Wa pili akasema ni kompyuta ya injini, shemeji yake aliiuza kwa sababu hiyo. Wa tatu hakusema ugonjwa, alisema bei ya kwake. Mimi mtu wa Tanga nilikuwa naangalia vidole vyangu kama bado vipo.

Mzee akafungua kasha la hewa. Ndani kulikuwa na kiota. Kilikuwa kimejengwa kwa ustadi: sponji ya njano iliyotafunwa kutoka kwenye kiti, maganda ya mti yaliyochanwa nyuzinyuzi, kipande cha kitambaa ambacho baadaye mke wake alikitambua, na pembeni akiba ya mbegu za alizeti, zimepangwa. Panya alihamia Mei, akalea watoto wake Juni, akaondoka na hakudai kodi. Injini ilikuwa ikivuta hewa kupitia chumba cha kulala cha watu. Tukakitoa, mashine ikawaka mara moja.

Wale watatu walikaa kimya kidogo. Kisha wa kwanza akasema kwamba kwenye za kwao panya haingii. Wenzake wakamtazama. Kila mmoja wao, nadhani, alikuwa anakumbuka kiota chake.

Na yapo mabaya kuliko panya. Injini nyingi za kisasa hupozwa na theluji yenyewe: ule mpira wa nyuma huirusha juu, inagusa mabomba ya maji chini ya kiti, maji yanarudi injini yamepoa. Ukipita kwenye barafu tupu hakuna cha kurushwa, na chombo kilichoundwa kwa ajili ya baridi kinachemsha katikati ya baridi. Watu hufunga vijiti vya chuma vya kukwaruza barafu ili vipatikane vipande vya kurusha. Msimu wa 2023 hadi 2024 hata hivyo vijiti havikuwa na kazi, kwa kuwa Minnesota ilipata majira ya baridi yenye joto lisilo la kawaida, na hata mashindano ya mbwa wa kuvuta sleji ya John Beargrease yalifutwa kwa kukosa theluji. Mwaka huo kampuni zote nne hazikuharibika hata kidogo.

Wengi niliowauliza, wakishusha sauti na kuvua koti, walikiri kwamba Yamaha ndiyo iliyosifika zaidi kwa kutokufa. Juni 2023 Yamaha ikatangaza kwamba inaacha biashara hiyo, na matoleo ya 2025 yangekuwa ya mwisho Amerika Kaskazini. Kampuni ina sababu zake. Jirani yangu ana yake: mteja ambaye chombo chake hakifi, harudi dukani.

Kwa hiyo ukinishika shati unitake jibu, nunua ile ambayo fundi wa karibu nawe ana vipuri vyake. Mkanda wa akiba uwe chini ya boneti. Aprili, kabla ya kuifunika, ziba tundu la hewa kwa stiliwaya, ile ya kusugulia sufuria, panya hawezi kuitafuna. Na Desemba, kabla hujawasha, ukumbuke kuitoa.