Barua ya wazi kwa Wakala wa Vipimo: njooni na mizani, diski imepungua

Mtendaji Mkuu,
Wakala wa Vipimo,
Dodoma.

YAH: UPUNGUFU WA GIGABAITI 35 KATIKA DISKI, HOROHORO, WILAYA YA MKINGA

Ndugu Mtendaji Mkuu, husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mlipa kodi, nina duka la steshenari hapa Horohoro, karibu na geti. Natoa kopi, naskani pasipoti na kadi za homa ya manjano, nawaandikia barua wasiopenda kuandika, na nawachapia mawakala wa forodha nyaraka zao kabla lori halijavuka kwenda Lunga Lunga. Mizani sina. Ndiyo maana maofisa wa vipimo wakija kukagua, mimi hupata salamu tu. Kisha wanaingia kwa muuza nyama, wanapima kilo yake kwa kilo yao, wanabandika stika ya mwaka, wanakwenda zao. Nawatazama kwa wivu. Na mimi nataka stika.

Nilinunua laptopu mjini Tanga. Boksi lilikuwa limeandikwa GB 500, herufi kubwa zinazong'aa. Nafika, naiwasha, inaniambia ina 465. Kutoka Tanga hadi hapa ni kilomita 65, na lami yenyewe ni nzuri, haina shimo la kumwaga mzigo. Nikamrudia muuzaji. Akanijibu kwa ule upole wetu wa Kitanga usioacha nafasi ya ugomvi: "Dada, ndivyo zinavyokuja."

Sasa nauliza: muuza nyama akimwambia mkaguzi wenu kwamba kilo zake ndivyo zinavyokuja, anaandikiwa nini?

Nimefuatilia kabla ya kuwasumbua, na matokeo ni haya. Mwenye kiwanda cha diski anahesabu giga moja kuwa baiti bilioni 1 kamili. Windows nayo inahesabu giga moja kuwa 1,024 mara 1,024 mara 1,024, yaani baiti 1,073,741,824. Chukua bilioni 500, gawanya kwa hiyo namba ndefu, unapata 465 na ushee. Hakuna baiti hata moja iliyoibwa. Baiti ni zilezile. Wawili hawa wana mawe tofauti ya mizani, na yote mawili yamechongwa GB. Wakili atasema hapa hakuna kosa. Mkaguzi wa vipimo, nadhani, angelichukua jiwe moja akaondoka nalo.

Tena kadiri kipimo kinavyokuwa kikubwa, ndivyo pengo linavyopanuka. Kwenye kilobaiti upungufu ni kama asilimia 2.3, kwenye megabaiti 4.6, kwenye gigabaiti karibu 7, ukifika kwenye terabaiti ni 9. Ukinunua diski ya TB 1, Windows itakuonyesha GB 931, ilhali tera yake yenyewe ni GB 1,024. Mnunuzi wa jumla anapunguziwa zaidi kuliko wa rejareja! Katika masoko yote niliyowahi kuingia, kuanzia Ngamiani hadi Kongowea, sijaona biashara ya aina hiyo.

Wazee watakumbuka zile disketi za plastiki zilizoandikwa MB 1.44. Hizo zilikuwa na baiti 1,474,560, maana mtengenezaji alichanganya: mega yake ilikuwa elfu moja mara 1,024. Si jiwe la huyu wala si la yule. Mwaka 1998 Tume ya Kimataifa ya Teknolojia ya Umeme, IEC, ikajitahidi kutenganisha haya mawe kwa kuleta majina ya kibi, mebi na gibi kwa hesabu ya 1,024. Sijakutana na mteja aliyeniomba flashi ya gibi nane. Mwaka 2009 Apple wakabadili hesabu ya kompyuta zao za Mac ili ifuate ile ya viwandani, kwa hiyo diski ileile inayosoma 465 kwangu, ukiipeleka kwa jirani mwenye Mac inasoma 500. Inanenepa kwa kuvuka barabara.

Mtasema mbona hakuna aliyelalamika. Wamelalamika Wamarekani, tena mahakamani. Kesi dhidi ya Western Digital ilimalizwa kwa maelewano mwaka 2006. Mlalamikaji alikuwa na diski ya GB 80 iliyosoma kama 74. Fidia? Wateja walipewa bure programu ya kutunza nakala za mafaili. Yaani mtu amelia kwamba nafasi haitoshi, akapewa kitu cha kuijaza. Mwaka uliofuata Seagate nao wakakubali kurudisha asilimia 5 ya bei, au programu ya namna hiyohiyo kwa atakayeipenda.

Ninyi ni mashujaa wa vita ya lumbesa. Gunia linajazwa, linashindiliwa, linavalishwa kofia ya wavu juu, na mkulima analipwa bei ya gunia moja. Mmesema mpaka mkakaukiwa na koo kwamba gunia lisizidi kilo 100. Sheria ya Vipimo, Sura ya 340, imewapa rungu. Na sisi wa pwani hata kabla ya Sura ya 340 tulikuwa na sura ya 83, Al-Mutaffifin, inayowahusu wapunjaji wa vipimo, nayo haina kipengele cha faini ya papo kwa papo. Basi diski ni lumbesa iliyogeuzwa: kofia imechorwa kwenye boksi, kwenye gunia haimo.

Msije mkaniona mlalamishi tu, nimefanya na ukaguzi wa ndani. Hizo 465 nazo hazikukaa kwangu. Kufika mwaka wa pili laptopu ikaanza kunipigia kelele kwamba diski C imejaa, alama nyekundu, na mimi nikijumlisha folda zangu zote sifiki hata nusu.

Njia ya kumtafuta aliyekalia nafasi waliianzisha watu wenye shida kama yangu. Mwaka 1990 Profesa Ben Shneiderman wa Chuo Kikuu cha Maryland alikuwa na maabara yenye watu 14 wanaotumia diski moja ya megabaiti 80. Ilipojaa, ikawa vigumu kujua nafasi imeliwa wapi na nani. Akabuni mchoro wa mistatili iliyopangwa ndani ya mistatili, kila faili na eneo lake kwa kadiri ya uzito wake. Programu ya bure ya WinDirStat inatumia mchoro huohuo: unaiachia ipite kwenye diski, kisha inakuchorea shamba zima kwa rangi, na aliyejimegea eka kumi anaonekana bila kuulizwa barua ya kijiji.

Kwangu wa kwanza kuonekana alikuwa hiberfil.sys, gigabaiti 3 na kitu, faili lililofichwa ambalo kwa kawaida huchukua asilimia 40 ya ukubwa wa RAM. Kazi yake ni kuhifadhi mlichokuwa mnafanya ili laptopu ilale usingizi mzito na kuamka mlipoishia. Laptopu yangu hailali. Betri yake ilishakufa; umeme ukikatika inazirai. Amri moja fupi iliyotolewa kwa mamlaka ya msimamizi, powercfg /h off, ikalihamisha, na gharama yake ni kwamba sasa kompyuta inawaka polepole kidogo. Wengine ni wa kupita tu: mafaili ya muda, vituo vya kurejeshea mfumo, Windows.old ambayo baada ya sasisho kubwa hukaa siku 10 kisha hujiondoa. Kuna na akiba ya takriban gigabaiti 7 ambayo tangu 2019 Windows mpya hujitengea kwa ajili ya masasisho yajayo. Nimeikubali. Kutengewa eneo kwa ajili ya mradi ujao ni jambo tulilolizoea.

Na hata mafaili halali hayauziwi nafasi rejareja. Diski inagawiwa kwa vipande vya kilobaiti 4, faili la kilobaiti 5 linapewa vipande viwili, linahesabiwa 8. Kwa upande mwingine kuna folda iitwayo WinSxS ambayo huonekana kubwa kuliko ilivyo, kwa sababu faili moja lina majina mawili na linahesabiwa mara mbili. (Hii msiiguse kwa mkono. Kuna kijana hapa aliifuta kwa hasira, laptopu yake sasa ni sinia.) Mnaona wenyewe: kuzidishwa kupo, kupunjwa kupo, kuhesabu mara mbili kupo. Ni soko zima limo humu ndani na hakuna mkaguzi.

Ila eneo kubwa kuliko yote kwenye mchoro lilikuwa la machungwa. Mfanyabiashara anapeleka machungwa ya Muheza Kenya, tufanye lori moja. Kuna ankara, orodha ya mzigo, cheti cha uasili wa bidhaa, cheti cha afya ya mimea. Kila karatasi imeskaniwa kwa rangi, nukta 600 kwa inchi, kwa kuwa mtu fulani alisema "muhuri uonekane". Nukta 200 zinatosha kabisa kuuona muhuri. Ukipanda hadi 600, nukta zinakuwa mara 9 na muhuri unabaki palepale ulipogongwa. Karatasi inakuja WhatsApp, inatua kwenye folda ya vilivyoshushwa, inashushwa tena kwa kuwa wakala amesahau alikoiweka, inapata (1), (2), (3) mwishoni mwa jina. Halafu bei inabadilika. Linazaliwa faili la ankara mwisho, kisha ankara mwisho kabisa, kisha ankara TUMIA HII. Hakuna linalofutwa. "Usifute, dada, watu wa kodi wakiuliza je?" Na ni kweli, sheria ya usimamizi wa kodi ya 2015 inataka kumbukumbu zitunzwe miaka 5. Haijasema nakala sita za kila moja. Siku hizi hapa ni kituo cha huduma kwa pamoja, lori linasimama mara moja tu, upande linaoingilia. Makaratasi yake hayajapata taarifa.

Nije kwenye flashi, maana hapo ndipo penye jinai. Stendi utauziwa flashi ya TB 2 kwa bei ya chipsi kuku. Ukiichomeka, kompyuta inasoma TB 2 kweli. Ndani kuna gigabaiti 16, pengine 8, na kidude kinachoongoza flashi kimefundishwa kusema uongo. Ukijaza kupita kiasi, mapya yanaandikwa juu ya ya zamani. Orodha ya majina inabaki imenyooka, ukifungua faili hakuna kitu. Kipimo chake kipo: programu ya H2testw, iliyotoka kwa jarida la Kijerumani la c't, inaijaza flashi yote kisha inaisoma tena baiti kwa baiti. Ninayo. Sina stika tu.

Nyingine ni ya mtindo tofauti. Alikuja wakala mmoja, lori lake liko kwenye foleni, jasho linamtoka, flashi mkononi.

"Dada, imekula mafaili yote."

Nikaichomeka. Kilichoonekana ni njia ya mkato moja tu, ina jina la flashi yenyewe. Nikatazama sifa zake: imetumika gigabaiti 6. Flashi tupu haitumii gigabaiti 6.

"Haijala. Yamefichwa."

Kirusi cha aina hiyo huyavisha mafaili alama ya kufichwa na ya kuwa mali ya mfumo, kisha huweka mlangoni njia ya mkato ili ukiibofya kihamie kwenye kompyuta yako. Sikuibofya. Nikaandika amri ya attrib ya kuvua alama hizo kwa folda zote, na moja baada ya nyingine zikatokea, pamoja na picha za harusi ambazo wakala aliniomba nisizitazame. Akalipa kopi nne, akakimbia. Huduma yenyewe haina bei. Sijui kipimo chake ni kipi.

Najua nitajibiwa kwamba bidhaa bandia ni za FCC, viwango ni vya TBS na mawasiliano ni ya TCRA. Kwa hiyo diski yangu imegawanywa vitengo vinne na mwenyewe sina hata kimoja. Ombi langu ni dogo: boksi liandikwe baiti kamili, kwa tarakimu, na chini yake namba atakayoiona mteja akishaiwasha. Mmeweza kumlazimisha muuza mafuta aonyeshe lita kwenye pampu. Huyu naye aonyeshe. Na flashi iwe na stika, kama mizani ya nyama.

Siku ya Vipimo Duniani ni tarehe 20 Mei, kwa kumbukumbu ya mkataba wa mita uliosainiwa Paris mwaka 1875. Karibuni mwiadhimishe huku. Mje na mawe yenu, nitatoa meza na kivuli. Hotuba ya mgeni rasmi iletwe mapema kwa kuchapwa, isizidi megabaiti 2, bila picha ya kila mjumbe wa meza kuu, na kwa flashi niliyokwisha kuipima.

Nawasilisha.

Mwenye steshenari,
Horohoro.

Nakala: Mkuu wa Wilaya, Mkinga – kwa taarifa.
Jalada – iwapo nafasi itapatikana.