Mjerumani Hakuzika Kitu Kwangu

Kila ukoo wa kando ya ziwa una Mjerumani wake. Kuna aliyezika sanduku chini ya mwembe, kuna aliyezamisha sefu usiku wa manane. Wa ukoo wa mke wangu alizika dhahabu kiwanjani kwangu, hapa Songo, kati ya jiko la nje na choo. Hakumwambia mtu ila babu wa shemeji yangu, ambaye naye hakumwambia mtu ila shemeji yangu, ambaye ameiambia Uvira nzima.

Nimejaribu kumpa historia. Nikamwambia: shemeji, tangu 1914 mpaka 1916 upande huu ulikuwa wa Wabelgiji. Mjerumani alikuwa ng'ambo, Usumbura, Bujumbura ya leo. Juni 1916 Wabelgiji wakamtoa huko. Sasa mtu anakimbizwa na Mbelgiji, ageuke, avuke Ruzizi, aje kuficha mali yake nyumbani kwa Mbelgiji yule yule? Akanitazama kwa huruma.

"Ndiyo maana haijapatikana, shemeji. Nani angekuja kuitafuta huku?"

Kinachomtia wazimu ni kwamba nusu ya hadithi ni kweli. Mwaka huo huo wa 1916 Wajerumani walipiga sarafu za dhahabu kule Tabora, ndani ya karakana ya reli: rupia 15, picha ya tembo, dhahabu ya mgodi wa Sekenke. Sarafu hizo zipo hadi leo na wakusanyaji wanazigombania. Ila Tabora ni Tabora na Songo ni Songo, na katikati pana reli hadi Kigoma na ziwa lenye kina cha kumeza mlima. Hilo kwa shemeji ni jambo dogo. Zamu yake ya kupokea mchango wa likelemba ilipofika, mama mkwe akitegemea mabati mapya, yeye akavuka kwenda Bujumbura na kurudi na detekta.

Ni fimbo yenye sahani chini na kisanduku cha vitufe juu. Ina hedifoni pia, lakini hazivai, maana anataka majirani wasikie. Na wanasikia. Tangu jogoo wa kwanza ni wiiu, kroo, wiiu, na kila wiiu ni shimo, na kila shimo ni watoto wa mtaa mzima wamelizunguka wakimshauri.

Kijitabu cha maelekezo nimekisoma mimi, kwa kuwa yeye alikikunja akakiweka chini ya mguu mfupi wa meza. Humo nimeelewa kwamba detekta haitafuti dhahabu. Inapeleka nguvu ya sumaku ardhini na kusikiliza kinachojibu. Balaa ni kwamba ardhi yenyewe nayo hujibu, hasa ikiwa na chembe za chuma. Kwa hiyo kabla ya kuitafuta mali ya mtu, unaisawazisha kwanza mashine na udongo uliosimama juu yake, ili udongo huo isiuhesabu.

Kazi yenyewe haina uganga. Unatafuta mahali pasipo na chuma, unashusha sahani mpaka vidole viwili juu ya udongo, unaipandisha karibu na magoti, unaishusha tena, bila kugusa chini, huku masikio yako kazini. Sauti ikikua sahani ikishuka, unageuza kitufe upande huu. Ikikua ikipanda, upande ule. Unaendelea hivyo mpaka ipande na kushuka usisikie tofauti. Kwenye baadhi ya detekta namba inakaribia 100 penye chuma kingi udongoni, na inaanguka chini kabisa penye chumvi. Ni dakika mbili. Ukihamia udongo mwingine, unaanza upya.

Nani aanze upya? Mwuzaji alimsawazishia mashine hukohuko dukani, juu ya sakafu ya saruji ambayo sina shaka imejaa nondo, na shemeji ameapa namba ile haitaguswa. Ni namba ya fundi, anasema.

Na kiwanja changu, nasikitika kusema, si udongo mmoja. Upande wa juu ni changarawe iliyoshushwa na mvua kutoka mlimani, ina michirizi ya mchanga mweusi, ule mzito ambao wachimba dhahabu wa Fizi na Kamituga wanabaki nao chini ya karai. Katikati palikuwa na tanuru la matofali, kisha jiko la kuni. Moto mkali hubadilisha chuma kilichomo ndani ya udongo kikazidi usumaku, basi sahani ikipita juu ya mafiga ya zamani inalia kwa uchungu, na shemeji anaona ni utajiri. Upande wa chini ni kifusi nilichonunua baada ya mafuriko ya Aprili 2020. Kilikuja na misumari, vipande vya mabati na vizibo vya bia ya Primus vya kutosha harusi kadhaa.

Juu ya hayo, nguvu ya mashine ameifungua yote. Nimemwambia kwamba ardhi yenye chuma haitaki nguvu, inataka upunguze na utembeze sahani polepole. Ni sawa na spika za lile kanisa nyuma yetu: wakiongeza sauti hatupati mahubiri zaidi, tunapata miluzi. Akaniuliza kama nimeanza kuwapinga watumishi wa Mungu.

Kuna pia kitufe cha kuifanya mashine ijisawazishe yenyewe kila hatua, kizuri udongo unapobadilikabadilika. Hicho alikipenda siku moja. Lakini akisikia mlio hafifu anapapasa palepale, kushoto kulia, kushoto kulia, mpaka mashine inaamini mlio huo nao ni sehemu ya ardhi na kuunyamazisha. Hapo anageuka kunitangazia kwamba Mjerumani ameihamisha dhahabu.

Mzee mmoja jirani, aliyewahi kufanya kazi na watu wa kutegua mabomu, alitushauri tufanye kama wao: uzike kitu unachokijua, uone kama mashine inakisikia, ndipo uanze. Ulaya wangetumia sarafu. Kongo sarafu hatuna, tunatumia noti, tena noti zenyewe nyingine zimechoka kuliko udongo. Nikapendekeza pete ya ndoa. Mke wangu, Mama Furaha, akaniangalia, tukazika ufunguo wa kufuli. Mashine haikuusikia, ila ilisikia mengine yote.

Mzee huyo huyo alisema neno ambalo silifanyii mzaha. Tangu 1996 vita vimepita hapa mara nyingi, na mashine haijui tofauti ya kijiko na kombora. Ukifukua kitu chenye mapezi au umbo la nanasi la chuma, usikiguse, usikigonge na jembe kuona ni nini. Weka alama, ondoa watoto, mwite mkuu wa avenyu.

Mpaka leo tumevuna mfuniko wa sufuria, betri za redio, bawaba ya mlango na jembe langu mwenyewe ambalo nilimshuku jirani kuliiba. Mke wangu anasema kakake ana moyo wa kazi. Mboga zangu za lenga-lenga zimekwisha, na nikienda chooni usiku napita ukingoni mwa mashimo nikiwa na tochi mdomoni. Sasa shemeji amegundua kwamba tatizo si mashine. Tatizo ni choo, dhahabu iko chini yake, lazima kibomolewe.

Nimemjibu kwa sheria, maana historia ilishindikana. Sheria ya Madini ya 2002, iliyorekebishwa 2018, inamtaka mchimbaji mdogo awe na kadi, na achimbe katika eneo lililotengwa kwa kazi hiyo. Shemeji kadi hana, na choo changu hakijatengwa na waziri yeyote.