Bluu Iliyoshinda Kamatini, Ikashindwa kwenye Printa

Katika kamati ya harusi ya mdogo wangu, hoja iliyokula vikao haikuwa ukumbi, wala chakula, wala wale wanaoahidi michango kwa sauti na kuitoa kwa kunong'ona. Ilikuwa rangi ya sare. Shangazi alitaka zambarau. Mama Mkubwa alitaka bluu, ile iliyokoza kabisa, inayoonekana tangu getini. Vipande vya vitambaa vikapitishwa mkono kwa mkono, mwisho ikapigwa kura na bluu ikashinda. Shangazi akasema ameridhika, akakaza kanga yake, na hakufungua tena mdomo mpaka kikao kilipofungwa kwa sala.

Harusi ikapita salama. Mpiga picha akaleta picha kwenye flashi, na familia ikaamua kwamba hakuna sababu ya kuwapa watu wa studio hela wakati nyumbani kuna printa, ile yenye matanki ya wino ubavuni, na kuna mimi. Kwenye ukoo wetu mimi ndiye mtu wa kompyuta. Cheo hicho nilikipata siku nilipoirudisha simu ya Baba kwenye Kiswahili baada ya kujigeuza Kichina, na tangu hapo naitwa kwa kila kitu chenye waya, pasi ikiwemo.

Picha ya kwanza ilikuwa ya akina mama waliojipanga mbele ya ukumbi, Mama Mkubwa katikati. Kwenye skrini: bluu. Nikabonyeza. Printa ikanguruma, ikavuta karatasi, ikatafakari, ikavuta tena, ikatutolea kundi zima la akina mama waliovaa zambarau. Wala haikuwa bluu yenye mashaka. Ilikuwa zambarau kamili, ile ile iliyoangushwa kamatini.

Shangazi aliitazama, akavaa miwani, akaitazama tena.

"Mimi niliwaambia," akasema. "Picha haidanganyi."

Mama Mkubwa akataka irudiwe. Ikarudiwa. Zambarau.

Hapa lazima niitetee printa kidogo. Skrini hutengeneza rangi kwa mwanga: vinukta vyekundu, vya kijani na vya bluu vinavyowaka kwa viwango tofauti. Ikitaka bluu, inawasha bluu, basi. Printa haina cha kuwasha. Ina wino wa sayani, wa majenta, wa njano na mweusi, na karatasi nyeupe inayorudisha mwanga wa chumbani. Printa yetu ya nyumbani haina tanki la bluu hata moja. Ikitaka bluu, inachanganya sayani na majenta, na majenta ikizidi hata kidogo, bluu inahama mtaa na kwenda kuishi zambarau. Rangi ya damu ya mzee ingeweza kukosewa na watu wakala pilau bila kujua. Bluu iliyokoza huumbuka mapema, na kamati yetu, kwa kura halali, ikaichagua hiyo.

Halafu kuna suala la namba. Ndani ya faili ya picha hamna rangi, mna namba. Kila nukta ina namba tatu, za nyekundu, kijani na bluu, na kwa kawaida kila moja huanzia 0 na kuishia 255. Ukiandika 0, 0, 255 umesema "bluu mpaka mwisho", lakini hujasema mwisho wa nani. Hili lilithibitika pale pale sebuleni, maana kila mtu alifungua picha ile ile kwenye simu yake ili atoe ushahidi. Simu ya mpwa wangu, iliyowekwa kwenye hali ya rangi kali, ilionyesha bluu ya kuumiza jino. Ya Mama ilionyesha bluu iliyofuliwa sana. Ya Mjomba ilikuwa inakaribia kijani, kwa sababu kinga ya macho ya usiku, ile inayoipaka skrini umanjano, imewashwa tangu alipoinunua na yeye anadhani dunia ndivyo ilivyo. Kila mmoja akaapa kwamba yake ndiyo sahihi. Shangazi hakufungua simu. Alikuwa na karatasi.

Dawa ya fujo hii ni profaili ya rangi. Ni faili ndogo, jina lake huishia na icc au icm, na kazi yake ni kueleza namba za kifaa fulani zina maana gani kwa jicho la binadamu, kwa kufuata vipimo ambavyo wataalamu wa mwanga waliviweka mwaka 1931. Profaili ya skrini inasema: kwangu mimi namba hii ni bluu ya namna hii. Profaili ya printa inajibu: bluu ya namna hiyo, kwangu mimi, ni sayani kiasi hiki na majenta kiasi hiki. Mwaka 1993 kampuni nane, zikiwemo Adobe, Apple, Kodak na Microsoft, ziliunda umoja wa kimataifa wa rangi, ICC, ili profaili ya mmoja isomeke kwenye mashine ya mwingine. Mwaka 1996 HP na Microsoft zikaleta sRGB, ambayo mpaka leo ndiyo kipimo cha kawaida cha picha za intaneti. Wafanyabiashara wanaogombea soko moja waliweza kuelewana kuhusu rangi. Sisi ni ndugu wa damu na ilibidi tupige kura.

Kinachowachanganya watu ni kwamba profaili haitengenezwi kwa ajili ya printa peke yake. Ni ya printa hii, kwa wino huu, juu ya karatasi hii. Ukibadili kimoja, hesabu yote imevurugika. Nikamuuliza mpwa wangu wino uliomo kwenye matanki aliununua wapi. Akasema Kariakoo, kwa jamaa mmoja mzuri sana. Chupa zilikuwa na picha ya kipepeo na maandishi yanayodai kwamba wino huo unafaa printa zote duniani. Wino wa printa zote hauna profaili ya printa yoyote. Majenta yake ilikuwa na bidii kuliko ilivyotumwa.

Kununua wino wa mtengenezaji kulihitaji mchango, na mchango ulihitaji kikao. Kikao kikapitisha wino. Shangazi alipinga kwa hoja kwamba uliopo unafanya kazi vizuri.

Karatasi nayo ilikuwa na kisa chake. Ilikuwa nzito, ya kung'aa, nzuri kwa macho, na hapakuwa na aliyejua ni karatasi gani. Jambo hili si dogo. Karatasi ya kawaida hunywa wino mpaka ndani na kuzifisha rangi. Ya picha huushikilia karibu na uso. Ya kung'aa na isiyong'aa hazitumii profaili moja, hata zikitoka kiwanda kimoja. Jina la karatasi huandikwa kwenye boksi. Boksi letu Mama alikuwa amelichukua kuwekea nyuzi na sindano, na nilipolifuata nikakuta upande wenye jina umekatwa. Kipande hicho kilikuwa kinaning'inia dirishani kwa jirani, kimegeuzwa nyuma mbele, kikitangaza kwa maandishi ya mkaa: BARAFU ZINAUZWA HAPA. Ilibidi ninunue barafu ili nisome upande wa pili.

Jina likapatikana, na kwenye tovuti ya mtengenezaji wa printa profaili ya karatasi hiyo ikapatikana. Nikaisakinisha. Kwenye Windows faili hizi hukaa ndani ya folda ya System32, ndani ya spool, ndani ya drivers, ndani ya color, mahali ambapo mtu mwenye akili angeficha hati ya kiwanja. Ukifika kuprinti, programu ya picha inakuuliza: nani asimamie rangi, mimi au printa? Ukiwa na profaili ya karatasi yako, ipe programu kazi hiyo, kisha uende kwenye mipangilio ya printa ukazime urekebishaji wake. Balaa ni kuwaacha wote wawili kazini. Programu inaipima bluu vizuri na kuikabidhi, printa nayo, kwa uaminifu wake wote, inarekebisha kilichokwisha rekebishwa. Hiyo ni kamati yenye wenyeviti wawili. Na printa yetu ina tabia ya kuurudisha urekebishaji wake kimyakimya kila unapobadili aina ya karatasi, kwa hiyo picha iliyofuata ilitoka na majenta maradufu. Safari hii sare ilikuwa jambo dogo. Nyuso zote zilikuwa nyekundu. Mjomba, mzee wa kanisa asiyegusa hata togwa iliyolala, alionekana ametokea kilabuni. Akaomba picha ile ichanwe mbele yake, na vipande akaondoka navyo.

Ugomvi wa nyuso zetu na mitambo ya picha si wa jana. Kwa miongo kadhaa maabara za kusafisha picha zilipimia mashine zao kwa kadi iliyokuwa na mwanamke wa Kizungu, kadi iliyoitwa Shirley kwa jina la mfanyakazi wa Kodak aliyepigwa picha hiyo mwanzoni. Uso wake ukitoka vizuri, kazi imekwisha. Wetu ungetoka utakavyotoka. Kodak ilianza kuzishughulikia rangi za kahawia kwa bidii baada ya malalamiko, na miongoni mwa waliolalamika walikuwemo watengenezaji wa samani za mbao na wa chokoleti. Kabati na peremende zilitusemea. Ndiyo maana siku hizi, bluu iwe imenyooka au imepinda, mimi huanza kwa kutazama nyuso.

Baada ya kuivua printa uenyekiti, nikaomba programu inionyeshe mapema kwenye skrini jinsi karatasi itakavyotoka. Bluu ikashuka, ikapoteza ule ukali. Mama Mkubwa aliyekuwa amesimama nyuma yangu akashusha pumzi. Nikamweleza kwamba ile bluu ya kwenye skrini haipo kwenye wino, haijawahi kuwepo, na hakuna profaili itakayoileta. Profaili inachoweza ni kutafuta iliyo karibu. Kuna njia ya kubana rangi zote kwa pamoja ili uhusiano wao usivunjike, na kuna njia ya kuziacha zinazowezekana zilivyo na kuzivuta ndani zile tu zilizovuka mpaka. Nilichagua ya pili, kwa sababu nyuso zilikuwa ndani ya mpaka tayari na sikutaka mtu azisogeze.

"Kwa hiyo printa ndiyo imeamua?" akauliza Mama Mkubwa.

"Fizikia, Mama."

"Huyo naye alikuwa kamatini?"

Umeme ukakatika picha ikiwa katikati. Mama Mkubwa akatoka mpaka kiunoni.

Uliporudi, picha ikatoka nzima, na hapo nikawaomba watu wote waiache ikauke mpaka kesho, kwa kuwa rangi za wino husogea kidogo zinapokauka na vidole vyenye mafuta ya sambusa haviisaidii. Hawakuiacha. Waliiinua usiku ule ule chini ya taa ya njano ya korido na kutangaza kwamba imetoka nyeusi. Mtu anayenunua kitambaa Kariakoo haamini rangi ya ndani ya duka. Anakitoa mlangoni akitazame kwenye mwanga wa mchana, tena hata kama muuzaji amenuna. Wachapaji wa picha wana taa maalumu za kazi hiyo, zenye mwanga wa Kelvin 5000, ulio karibu na wa mchana. Watu wale wale wanaosumbua wauzaji kwa ajili ya gauni moja walikuwa wanaihukumu picha koridoni.

Asubuhi nikaitoa barazani. Ilikuwa bluu. Haikuwa ya skrini, ilikuwa imetulia zaidi, lakini Mama Mkubwa alileta gauni lenyewe, akaliweka kando ya picha, na hapakuwa na la kubishania. Mjomba akajitazama uso, akasema, "Sasa huyu ni mimi."

Shangazi alifika saa nne. Tukamwamkia, akaitikia, akapewa picha, akavaa miwani.

"Hii mmeichezea kwenye kompyuta," akasema.

Kwa hilo hakuwa amekosea. Alikataa nakala yake ya bluu, akaomba ile zambarau ya kwanza, akaenda kuitia fremu kubwa kuliko yetu. Iko sebuleni kwake juu ya televisheni, na wageni wanaambiwa kwamba kamati ilisikiliza ushauri.

Nilikuwa pia nimechapa karatasi ya majaribio, yenye miraba midogo ya rangi mamia kwa mamia. Wenye kifaa cha kusomea rangi huitumia kutengeneza profaili yao wenyewe. Mimi nilitaka kuona tu majenta inaanza wapi kujisahau. Niliisahau mezani. Kamati ya harusi ya binamu yetu imeshaichukua na kuifanya kitabu cha kuchagulia sare, na mwenyekiti wake ni Shangazi. Ameuzungushia kalamu mraba mmoja ambao, kwa macho yangu, hauna kitambaa chochote duniani kinachofanana nao.

Kwa hiyo ndugu msomaji, ukinunua karatasi ya picha, boksi lake lifungie kabatini, na usimpe mtu wa barafu.