Jani Zuri, Mgongo Mbovu

Anayetengeneza beji ya jani kwa ajili ya vazi la hekaya huanza na jani, na hapo ndipo anapoharibu. Jani ndilo litakalotazamwa, basi jioni nzima inaishia kwenye mishipa, ncha na rangi. Usiku, macho yakiwa mazito, ndipo linapokumbukwa suala la upande wa nyuma. Inachukuliwa kwasukwasu moja, inadondoshewa gundi, inabonyezwa, na vinavyoshika barabara ni vidole. Nasema beji ya namna hii si pambo, ni kazi ya ubebaji: imebeba joho, na joho halijali uzuri wa mishipa. J.R.R. Tolkien, Mwingereza aliyezaliwa Bloemfontein mwaka 1892, alilijua hilo. Katika The Lord of the Rings, iliyotoka 1954 na 1955, majani ya kijani yenye mishipa ya fedha ndiyo yanayofunga majoho shingoni, na Pippin, akiwa mateka, analiangusha lake kwa makusudi ili wanaomfuatilia waone alama. Kwenye maigizo ya shule zetu jani huanguka lenyewe, mbele ya mgeni rasmi, na kinachofuata ni joho.

Hapo mtu wa Kisaki atauliza kuna haja gani ya kuhangaika, ilhali kaskazini tu hapo Milima ya Uluguru imejaa majani ya bure. Chuma, bandika, maliza. Tatizo ni kwamba jani likishachumwa halipati maji tena, ila linaendelea kuyapoteza, na kwa joto la bonde la Mgeta halichukui muda. Jani la mwembe lililoandaliwa asubuhi huwa limeanza kujikunja kabla wageni hawajamaliza kutambulishwa. Likishikwa na mikono mitatu ya watoto wanaopeana zamu, linakuwa ugoro. Kulipaka vanishi kunalipa ung'avu tu, hakulipi nguvu. (Mbuzi naye sijamtaja, maana mbuzi hahitaji hoja.) Kopo la soda la aluminiamu ni bora zaidi: linakatika kwa mkasi wa kawaida, likilazwa juu ya soli ya kandambili linachoreka mishipa kwa kalamu iliyokwisha wino, na rangi ya kucha ya kijani inamalizia. Kingo zake zinakata, kwa hiyo zikunjwe kwa ndani. Lakini hata hapo gundi haifai, kwa sababu bati hilo jembamba linapinda kila mvaaji anapogeuka, na gundi kavu haipindi. Toboa matundu kwa msumari mdogo, funga kwasukwasu kwa waya, tena mbili zilizolala sambamba, juu ya nusu ya jani. Moja tu itageuka kama mhimili, na ikiwekwa chini ya nusu, jani litaning'inia kichwa chini.

Pingamizi zito zaidi ni la lubega. Wafugaji wa Kimaasai wanafunga shuka begani, wanatembea nayo kutwa nzima nyuma ya ng'ombe, na hakuna beji iliyowahi kuhitajika. Nakubali, na kama igizo linaruhusu fundo, fungeni fundo mkalale. Ila mshonaji wa vazi la hekaya hupenda joho zito, mara nyingi blanketi, na blanketi halifungiki bila kumtia mvaaji nundu. Wengine watasema beji iagizwe Dar es Salaam, ije kwa treni, maana TAZARA ina stesheni Kisaki. Treni italeta, lakini beji nyingi za dukani zimekusudiwa kubana mtandio. Zikipewa blanketi, sindano inapinda na nguo inachanika. Aliyenunua na aliyetengeneza wanakutana palepale, kwenye mgongo.

Kwa hiyo, mwalimu unayeandaa igizo, nunua kwanza kwasukwasu kubwa, mbili kwa kila mtoto, uzijaribu kwenye joho tupu kabla hujagusa kopo lolote. Na joho lenyewe lishonwe kwa kitenge. Blanketi waachie walio juu kule Kimhandu, kilele cha Uluguru, mita 2,630, ambako baridi ipo kweli.