Nzi wa Manyoya

Kwetu Vanga samaki hutafutwa mbele: unatupa mshipi baharini, unasubiri, unavuta. Shemeji yangu wa Nyeri ndiye aliyenifundisha kwamba trauti huanza kuvuliwa nyuma. Ndoana yake haina uzito wa maana, ni manyoya ya jogoo yaliyofungwa kwa uzi yakafanana na mdudu. Kinachoibeba ni mshipi wenyewe, kwa hiyo sharti uuvurumishe nyuma ya kichwa, ukanyooke huko, ndipo uurudishe mbele. Sasa Mto Gura, kule juu Nyandarua ulikobana, umezingirwa na vichaka. Hapakuwa na nafasi ya kunyoosha mkono, sembuse mshipi.

Nikaanza kwa kuvua mti. Nikavua mwingine. Kisha nikanasa sweta ya shemeji, begani, naye akasema kwa upole wa mtu anayemstahi mume wa dada yake, "Shemeji, usivute."

Nikavuta. Sweta ile ilifumwa na mama mkwe. Uzi wa kijani ukanifuata hadi ukingoni.

Chambo changu mwenyewe kilikuwa nyungunyungu, kwenye kopo la majani ya chai. Shemeji alilifunua, akalifunika upesi, akatazama huku na huku. "Hapa ni nzi wa manyoya tu," akanong'ona.

Na samaki mwenyewe ni mgeni! Mwaka 1905 Ewart Grogan, yule Mwingereza aliyekuwa amekwisha kuvuka Afrika kutoka Cape hadi Cairo, alileta mayai ya trauti kutoka Loch Leven, Uskoti, kwa ajili ya mto huu huu. Mtu aliyesafiri kiasi hicho si apumzike? Zaidi ya miaka mia baadaye mgeni bado ana masharti: maji yawe baridi, kivuli chako asikione, na kwa kuwa hukaa ameelekeza kichwa maji yatokako, umwendee kwa nyuma. Basi tukatambaa kwa magoti, watu wazima wawili, kama wadeni wanaolikwepa duka.

Mwishowe akanasa mmoja kwenye ndoana ya shemeji: wa kahawia, madoa mekundu ubavuni, hazidi kiganja. Shemeji alilowesha mikono kwanza, asije akamtoa ute, akamchomoa ndoana taratibu, akamshusha majini. Samaki akapiga mkia. Mimi nikadhani amemponyoka, nikajitosa kumdaka.

Maji ya Gura hayana urafiki. Nilipotoka nikitetemeka, shemeji alikuwa ameketi juu ya jiwe, anacheka huku akikusanya uzi wake wa kijani. Akaniambia alimwachia makusudi.

Usiku nikampigia simu mjomba Vanga, aliyevua changu na tasi tangu ujana wake. Nikamsimulia yote: baridi, magoti, manyoya, samaki akapatikana, samaki akarudishwa. Kimya. Nikadhani simu imekatika.

"Kwani," akauliza, "mlikuwa mmeshiba?"